Kuamka kwa Watu na Kulala Kwao Tena

 

Siku moja baada ya sala ya Maghribi tulikuwa tukitoka msikitini katika Majengo ya Pumwani, na mtoto mmoja akasimama mbele yetu akila njugu. Karatasi iliyofungiwa njugu hizo ilikuwa ya rangi ya majani makavu, na maandishi yake ni ya wino mweusi, herufi za Kiarabu. Tukamwomba atupe alipokwisha kula, tukaikunjua chini ya taa. Tulidhani ni Kiarabu. Lakini tulipoanza kusoma tuliona kuwa lugha yake ni Kiswahili. Tulikwenda kwa muuza njugu, naye akatuambia kwamba amenunua karatasi kwa kilo, sanduku zima la bati, kutoka kwa watu waliokuwa wakisafisha nyumba ya baba yao aliyefariki.

Mzee huyo tulikuwa tukimjua. Na hapa yatupasa tuseme kweli juu ya nafsi zetu: alituita mara mbili katika uhai wake twende tukamtazamie vitabu vyake, na mara zote mbili tulimjibu, "Inshallah, Mzee, juma lijalo." Juma lile halikufika. Wanawe hatuwalaumu, kwani hawajui kuzisoma herufi zile, na asiyejua kusoma kitu hukiona ni takataka. Lawama ni yetu sisi tuliojua, au tuliojidai kuwa tunajua.

Tangu siku hiyo, katika darsa yetu tumekuwa tukiulizana: ni kitu gani huwaamsha watu wakainuka baada ya unyonge, na ni kitu gani huwarudisha usingizini? Waarabu huita kuinuka huko nahdha, na asili ya neno hilo ni kusimama kwa mtu aliyekuwa ameketi. Mtu aliyeketi akasimama si mtu mpya. Ni yule yule, ila sasa anaona mbali zaidi. Basi wenye kudhani kuwa kuamka ni kuacha kila cha wazee wamekosea, na wenye kudhani kuwa ni kurejea kukaa pale pale walipokaa wazee nao wamekosea.

Watu wa Ulaya wanajivunia kuamka kwao kulikoanza Italia na kuenea katika karne za 1400 na 1500, na wana haki ya kujivunia. Lakini aulizwe mwenye kusoma tarikhi: mafuta ya taa ile yalitoka wapi? Katika Baghdad, zama za Khalifa al-Maamun aliyetawala tangu 813 mpaka 833, vitabu vya Wayunani vilifasiriwa kwa Kiarabu, na wanazuoni wakavisahihisha na kuvizidisha. Miaka zaidi ya 300 baadaye, katika mji wa Toledo huko Hispania, vitabu hivyo vilifasiriwa kwa Kilatini, pamoja na vya Ibn Sina, na baada yake vikafuata vya Ibn Rushd aliyefariki 1198. Na yuko Leonardo wa Pisa, mtoto wa karani wa forodha, aliyejifunza hesabu za tarakimu hizi tunazotumia kwa Waislamu wa Bejaia, bandari ya Afrika Kaskazini, kisha mwaka 1202 akawaandikia watu wake kitabu. Sisi watu wa pwani tunazijua forodha na makarani wake. Lakini ni wangapi katika sisi walioketi na mgeni bandarini wakauliza ilimu yake, si bei yake tu? Kisha katika miaka ya 1450 Gutenberg akapiga chapa vitabu katika mji wa Mainz, na jambo lililokuwa la wachache likawa la wengi. Dola ya Uturuki haikuruhusu kupiga chapa vitabu vya Kituruki kwa herufi za Kiarabu mpaka mwaka 1727. Huo ni muda wa karibu miaka 300, na khasara yake haihesabiki.

Tuyaache ya mbali tuje kwetu.

Pwani yetu iliingia karne ya 20 ikiwa imejeruhiwa. Mwaka 1895 Waingereza walishika hukumu. Reli ikaondoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na biashara ikaifuata bara. Mwaka 1907 utumwa ukaondolewa kwa sharia katika pwani ya Kenya, na nyumba zilizotegemea jasho la wengine zikaanguka. (Tunasema zikaanguka, wala hatusemi zilidhulumiwa; aliyedhulumiwa alikuwa mtumwa.) Vijana wa nyumba kubwa wakauza mashamba au kuyaweka rahani ili wapate fedha za arusi. Skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazee wakawazuia watoto wao kwa kuikhofia dini yao. Khofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini waliowazuia watoto kwenda huko hawakuwajengea mahali pengine pa kwenda, na hapo ndipo kosa lilipo.

Jeraha peke yake haliamshi mtu. Wengi hufa nalo wamelala. Ilihitajiwa na sauti, na sauti ilikuja kwa merikebu. Tangu Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, barua na magazeti ya Misri yalifika Unguja na Mombasa kwa upesi usiowahi kujulikana. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 mpaka 1888, alikuwa na mtambo wake wa chapa. Gazeti la al-Manar la Sheikh Rashid Ridha, lililoanza Cairo mwaka 1898, lilisomwa katika baraza zetu, na ndani yake mna fikra za Sheikh Muhammad Abduh: kuwa Muislamu hana haja ya kuchagua baina ya dini yake na akili yake. Na Unguja walikuwako mabahari wawili wa ilimu, Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote wawili mwaka 1925, na wanafunzi wao wametapakaa kutoka Lamu mpaka Ngazija. Gazeti huleta fikra, lakini asiyekuwa na mwalimu huipokea fikra kama apokeaye upepo.

Katika wanafunzi waliokwenda Unguja alikuwamo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891. Yeye ndiye aliyeona jambo ambalo wengi waliliona dogo: kwamba ilimu iliyofungiwa katika Kiarabu haitamfikia nahodha, wala fundi, wala mama wa nyumba. Mwaka 1930 alitoa karatasi yake iitwayo Sahifa, kwa Kiswahili, na mwaka 1932 gazeti la al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Halikudumu muda mrefu. Mwaka huo huo alikuwa Kadhi wa Mombasa, na tangu 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu. Mengine ya maandiko yake yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Aliwaambia nini watu wake? Aliwaambia wasiyopenda kuambiwa. Kuwa wanakopa kwa ajili ya karamu za arusi na matanga, kisha wanalia kuwa mashamba yamekwenda. Kuwa wanamwiga Mzungu katika mavazi na starehe, wala hawamwigi katika kazi na kutunza wakati. Kuwa binti asiyesomeshwa atalea watoto wasiosomeka. Na kuwa chuo kinachomhitimisha mtoto Kurani asijue maana ya hata sura moja, wala hesabu, wala tarikhi ya watu wake, hakijatimiza amana. Wako waliomchukia, mwenye kuamsha wenziwe alfajiri hashukuriwi mpaka jua lipande.

Matunda yake tunayaona mpaka leo. Mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui aliendelea kuandika, akaitoa tafsiri ya Kurani aliyoianza mwalimu wake. Naye Sheikh Abdalla Saleh al-Farsy wa Unguja, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968, alikamilisha Qurani Takatifu, iliyopigwa chapa hapa Nairobi mwaka 1969. Na tuangalie tarikhi, ndugu zetu. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na kasisi, Godfrey Dale wa misheni ya Unguja. Ya pili ilitolewa na Maahmadia mwaka 1953, nayo hapa hapa Nairobi. Ya Sheikh Farsy ikaja miaka 46 baada ya ile ya kasisi. Wako wanaosoma khabari hii kwa hasira. Sisi twaisoma kwa haya, kwa kuwa katika miaka hiyo yote tulikuwa tukibishana kama ni halali kuifasiri.

Lakini tusiwasifu wetu kwa kufumba macho. Kuamka huko kulizaa na ugomvi. Misikiti iligawanyika kwa maulidi na kwa dua za makaburini, na wako waliojifunza kutoka kwa wasuluhishi ukali wao tu, si ilimu yao. Mtu amesoma kurasa kumi, amekwisha kumwita babake mzushi! Na yatupasa tukiri, ingawa baadhi ya wasomaji wetu watachukia, kuwa Habib Saleh wa Lamu, ambaye kwa maulidi yake hatukubaliani naye, aliwaketisha wanyonge na watoto wa watumwa katika darsa ya Riyadha wakati mabwana wa mji walipoona haya kukaa nao. Je, hilo nalo si kuamka?

Na liko tunda jingine, tamu na chungu pamoja: herufi. Kiswahili kilipohamia katika herufi za kizungu, wasomaji walizidi maradufu kwa maradufu, na hata jarida hili lisingekufikia bila ya hivyo. Lakini mlango mmoja ulipofunguliwa, mwingine ulifungwa, na nyuma yake pamebaki masanduku ya wazee.

Hapa kwetu Mashariki ya Nairobi masanduku hayo si machache. Waislamu wa mji huu walikaa katika vijiji vyao, Mji wa Mombasa na Pangani na vinginevyo, hata vikavunjwa. Pumwani ilianzishwa mwaka 1922, na Pangani ilipobomolewa mwaka 1939 wengi walihamishiwa Shauri Moyo. Mswahili wa Mombasa, Mnubi, Mmanyema, Mkamba na Mkikuyu waliosilimu, wote waliishi katika nyumba za vyumba vya kupangisha, wakazikana na kuoana. Kila walipohamishwa walibeba vitanda, masufuria, na sanduku la karatasi. Yaliyonusurika katika kubomolewa kwa Pangani yamekuja kuangamia kwa muuza njugu, na hakuna serikali yoyote ya kuilaumu.

Tulilikomboa sanduku, au tuseme thuluthi yake, maana iliyobaki imekwisha kuliwa njugu. Katika darsa yetu palitokea maneno. Baadhi walisema kurasa zichomwe kwa heshima, kwa kuwa huenda zina aya. Wengine walisema zipelekwe chuo kikuu. Sisi tukasema zisomwe kwanza. Ndipo tulipotahayari, kwani katika wanaume kumi na saba tuliokuwapo, na mimi mwalimu wao nikiwamo, hapakuwa na mmoja awezaye kuzisoma bila ya kukwama. Katika mwandiko ule wa zamani ba husimama mahali pa ba, na pa, na mba; kasra huwa i, na huwa e. Neno moja twaweza kulisoma bibi, na twaweza kulisoma pembe, na ajuaye ni yule mwenye kuijua lugha kabla ya kuijua herufi.

Kijana mmoja akasema: nyanya yangu wa Shauri Moyo huzisoma hizi. Pakawa kimya. Darsa yetu haikuwa na mahali pa wanawake, na si kwa sharia. Ni kwa kuwa hapana aliyewahi kufikiri. Tulikuwa tukiwasomea watu Uwongozi juu ya kuwasomesha binti zetu, na mlango wetu wenyewe umefungwa. Tulimwendea nyumbani kwake. Alivaa miwani, akaishika karatasi, akasoma kama asomaye barua ya jana. Tulipomshika kwa neno moja akacheka: "Mwanangu sheikh, hilo si beba, hilo pemba. Kisiwa." Akaendelea.

Sasa kila Jumamosi baada ya Alasiri anasomesha, nasi tumeketi mbele yake na kalamu. Fedha tulizokuwa tumechanga kwa ajili ya safari ya ziara tumezitumia kwa kabati la chuma, karatasi, na nauli yake; wanne katika wenzetu walikasirika, na wawili wamerudi. Wanawake waliojiandikisha ni tisa. Kijana wake anapiga picha kila ukurasa kwa simu kabla haujaguswa tena.

Zilizosomwa mpaka hivi sasa ni khutba mbili zisizo na tarikhi, dawa ya homa ya watoto, hesabu za kodi za vyumba, na daftari la chuo. Daftari hilo lina majina ya wanafunzi na kila mmoja amefika sura gani. Majina ni arubaini na mawili, na kumi na moja ni ya wasichana.

Mwenye sanduku la mzee wake, liwe Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni, Eastleigh au popote, na atuletee khabari kwa imamu wa msikiti wake. Hatulichukui. Tutakuja na Bi mkubwa, tutasoma hapo hapo kwake, na sanduku litabaki pale lilipo.