Faradhi ya Kuitikia

Halmashauri za miji nchini Kanada zinahamisha huduma ya simu za dharura, 911, kutoka kwenye nyaya na mitambo ya zamani kwenda kwenye mtandao wa kidijitali. CRTC, tume inayosimamia mawasiliano nchini humo, iliamua hivyo mwaka 2017, na tarehe ya kuzima mtandao wa zamani imesogezwa mbele hadi 31 Machi 2027. Madiwani wakilijadili jambo hili huzungumzia bajeti, mikataba na mafunzo, na sishangai, ndiyo kazi waliyochaguliwa kuifanya. Ila ndani ya hesabu hizo limejificha swali ambalo wanazuoni wa dini walihangaika nalo karne nyingi kabla ya simu: mtu akiomba msaada, ni nani anayewajibika kumwitikia, na wajibu huo unafika wapi? Ninavyoona mimi, mfumo mpya hauupunguzii mji mzigo wake. Unauongeza, kwa sababu unauondolea udhuru wa kutojua.

Fiqhi ya Kiislamu ina kipimo kinacholingana na jambo hili. Iko faradhi ain, inayomkabili kila mtu peke yake kama swala, na iko faradhi kifaya, kama kuosha maiti na kumzika: wakiitekeleza baadhi, waliobaki wamesalimika, wakiiacha wote, dhambi ni ya wote. Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, aliiweka tiba katika fungu hili la pili, akawalaumu watu wa zama zake kwa kujazana kwenye fiqhi huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Simu ya dharura nayo ni ya fungu hilo, na historia yake yenyewe inashuhudia. Novemba 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, London, wakafa wanawake watano. Jirani aliyeuona moto alipiga simu, akawekwa kwenye foleni pamoja na waliokuwa wakipiga simu za kawaida. Yeye alikwisha timiza lake. Iliyokosa kutimiza ni jamii, iliyokuwa haijaweka mtu wala njia ya kuutofautisha wito wa moto na wito wa salamu. Namba ya dharura 999 ilianza jijini humo tarehe 30 Juni 1937.

Sasa tuje kwenye udhuru. Mfumo unaoondolewa ulijengwa kwa ajili ya simu za mezani: namba ikiingia, anwani inatokea kwenye skrini ya mpokeaji. Simu ya mkononi ilivuruga utaratibu huo. Mwanzoni mpokeaji aliweza kujua tu mnara uliobeba simu na upande wake, lakini nje ya mji mnara mmoja huhudumia mashamba, msitu na kipande kirefu cha barabara kuu. Mtu aliyepinduka na gari usiku, asiyejua hata kibao cha mwisho alichokipita, aliulizwa “uko wapi?” akawa hana la kujibu. Katika mfumo mpya, taarifa za mahali alipo huambatana na wito wenyewe na kuuelekeza kwenye kituo kinachohusika. Mji uliozoea kusema “tulimtafuta hatukumwona” hauna tena pa kujificha. Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani na Mlawi hawalaumiwi kwa kuwa mbali. Wanalaumiwa kwa sababu walimwona majeruhi wakaendelea na safari yao. Teknolojia hii inaufanya mji mzima uwe umemwona.

Wapo watakaosema kwamba mitambo ni mitambo tu, na maadili yako moyoni mwa anayeitumia. Sikubaliani nao, na ushahidi ninao. Desemba 2013, katika hoteli moja mjini Marshall, Texas, mtoto wa miaka tisa alipiga 911 mara nne huku mama yake akishambuliwa chumbani. Simu haikutoka, kwa kuwa simu za hoteli ile zilitaka mpigaji abonyeze kwanza 9 ili kupata laini ya nje. Mtoto alifanya sawasawa alivyofundishwa, na mama akafa. Hakuna aliyekataa kumwitikia. Aliyepanga mitambo hakufikiria tu kwamba mgeni asiyejua desturi ya hoteli angeomba msaada. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia mpangilio kama huo. Waangalie pia viziwi wa Kanada. Kwa utaratibu wa sasa kiziwi hutakiwa awe amejiandikisha mapema kwa kampuni yake ya simu. Akipatwa na dharura hupiga 911, kisha husubiri mpokeaji aione alama kwenye skrini na kuanzisha yeye mazungumzo ya maandishi. Hata utaratibu huo haukukusudiwa mwanamke aliyejificha chooni, ambaye akitoa sauti anasikika na anayemtafuta. Mfumo wa kidijitali unaweza kupokea maandishi moja kwa moja. Kila usanifu wa simu ya dharura, basi, umekwisha amua wito wa nani ni wito, kabla dhamiri ya yeyote haijaulizwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya hoja yangu mwenyewe. Kama kuitikia ni faradhi kifaya, je, hatumpi kila mtu ruhusa ya kukaa kitako? Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio lao mwaka 1968: wanafunzi walimsikia mwenzao kwenye vipokea sauti vya masikioni, akisikika kama aliyepatwa na kifafa. Kati ya waliodhani wako peke yao naye, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Kati ya waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. “Yupo mwingine” ni fikra inayoua. Hata hivyo wanaoitaja faradhi kifaya kama kinga husahau sharti lake, kwamba kazi iwe imetosheleza. Maiti isipozikwa, hakuna aliyesalimika kwa kudhani jirani atakwenda makaburini. Tena, mfumo mzuri humrudisha jirani kazini. Mpokeaji simu humwelekeza aliye karibu namna ya kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama mpaka gari la wagonjwa lifike. Nchini Tanzania, mpango wa m-mama kupitia namba 115 hutafuta dereva wa jamii pale ambapo hakuna gari la wagonjwa, ili mjamzito au mtoto mchanga afikishwe hospitali, na dereva hulipwa kwa simu. Huko kompyuta imekwenda kumgongea jirani mlango.

Lipo na pingamizi la faragha, nami nalipa uzito. Muumini hukubali kwamba Mungu anamwona kila alipo, lakini halmashauri si Mungu. Kumjua aliye taabani yuko wapi, kwa muda wa taabu yake, ni amana ninayoweza kuitetea, kwa sababu kwa kupiga simu ameomba apatikane. Video, ambayo mfumo mpya unaweza kuipokea pia, ni habari nyingine. Anayerusha picha za ajali mara nyingi si majeruhi. Ni mpita njia, na aliyelala barabarani na nguo zimechanika hajaulizwa. Naye mpokeaji simu, ambaye kazi yake tayari humfanya asikie vifo, atatakiwa avione. Ningependa miji ianze na mahali na maandishi, video ingoje kanuni.

Kinachobaki ni kutosheleza, na hapo Kanada ina deni. CRTC ilipoagiza mtandao wa kizazi kipya mwaka 2017, wakazi wa eneo la kaskazini la Northwest Territories hawakuwa hata na 911 ya zamani. Waliipata Novemba 2019, na eneo jirani la Nunavut likabaki bila. Mizani ya kifaya haipimi mji uliotangulia. Inaangalia pale ambapo hakuna aliyekwenda. Hata mji uliokwisha kununua mitambo hauwezi kukaa ukijipongeza. Kiwango cha NENA, chama cha wataalamu wa 911, ni kwamba simu 90 katika kila 100 zipokelewe ndani ya sekunde 15, na hilo linahitaji watu waliolala vya kutosha, waliolipwa, walioketi kwenye viti vyao saa tisa za usiku. Diwani anayeomba kura kwa sababu ya mfumo mpya aulizwe takwimu hiyo kwa mji wake, mwezi kwa mwezi, na viti vingapi viko wazi.