Kitu cha Kuokota

Watu wengi huona kwamba kuokota ni tendo lisilo na lawama. Mwizi huchukua cha mwenyewe, mnunuzi hulipa, mwombaji huomba. Lakini mwokotaji huinama tu, akachukua kitu ambacho hakuna aliyekililia. Ndiyo maana mtu mwadilifu kabisa, asiyethubutu kuvunja hata hindi moja bichi katika shamba la jirani, akifika pwani huondoka na mifuko imejaa makombe ya baharini wala moyo wake haumsuti. Ningependa, ndugu msomaji, tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana limenifikia nyumbani kwangu huku Mbulu, zaidi ya kilomita 600 kutoka bandari ya Tanga, na limefika likiwa na bei.

Sisi watu wa nyanda za juu hatukulelewa na bahari. Maji yetu makubwa ni maziwa: Manyara, Eyasi, Basotu, na Balangida chini ya Mlima Hanang, ambako watu hukusanya chumvi maji yanapokauka. Bahari niliiona mara ya kwanza mwaka 1973, nikiwa mwanachuo wa ualimu, tulipopelekwa Tanga kwa ziara ya masomo. Maji yalikuwa yamepwa. Wenzangu walikimbilia kuoga; mimi nilibaki mchangani, kwa sababu nililiona gamba la konokono likitembea. Nililiinua, nikakuta ndani yake miguu ya kaa. Mkufunzi wetu alinieleza kwamba kaa wa aina ile hana gamba la kumfunika tumbo, hivyo hutafuta gamba lililoachwa na konokono aliyekufa, akaingia, akaishi humo; na akikua hana budi kuhama. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kaa hao wakipata gamba kubwa tupu huweza kujipanga kwa ukubwa, na yule wa kwanza akihamia nyumba mpya, wa pili huingia katika ile aliyoiacha, na wa tatu katika ile ya wa pili, hadi wa mwisho. Nilicheka peke yangu. Ndivyo zilivyokuwa nyumba za walimu katika kila shule niliyofanya kazi: mwalimu mkuu akipata uhamisho, kabla lori halijaondoka, makamu wake amekwisha kuleta godoro mlangoni.

Basi hata lile gamba tupu, ambalo tungeapa kwamba halina mwenyewe, lina foleni ya wanaolingoja. Na lisipopata mpangaji, mawimbi hulisaga likawa sehemu ya mchanga tunaoukanyaga. Hata hivyo sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi. Mtoto aliyeokota makombe matatu akampelekea bibi yake hajaiharibu pwani. Mimi mwenyewe nilirudi chuoni na moja, na nililitumia darasani kwa miaka mingi. Wanafunzi walilitega sikioni wasikie bahari. Nikawaeleza kwamba wanachosikia ni makelele ya darasa letu yakizunguka ndani ya gamba, na hawakuniamini.

Jambo lililonileta kwenye kalamu ni jingine. Mwaka jana mjukuu wangu, kijana anayefanya kazi Dar es Salaam, aliniletea kauri kubwa mwenye madoadoa meusi, anang'aa kama sahani ya kaure. Alikuwa na mpango. Alitaka kununua magunia kadhaa ya makombe ya namna hiyo na kuyauza Karatu, kwenye barabara wanayopita watalii waendao Ngorongoro. Alikuwa ameshapiga hesabu zake vizuri, na upungufu wa mtaji ulikuwa sawasawa na bei ya dume langu moja la ng'ombe. Sikumjibu siku ile. Nililiweka lile gamba mezani.

Jioni alikuja jirani yangu, mzee wa Kibarabaig, mtu wa ng'ombe tangu utotoni, ambaye hajawahi kufika pwani. Aliligeuza gamba mikononi, akalipitishia kidole gumba, akaingiza kidole chini penye meno. Kisha akauliza, “Mwalimu, mwenyewe alikufa kifo gani?” Kwake lilikuwa swali la kawaida kabisa. Mtu aliyeishi na ngozi maisha yake yote, akionyeshwa ngozi, hutaka kujua kama mnyama alichinjwa, au aliugua, au aliuawa na chui.

Na jibu, kusema kweli, lilikuwa limeandikwa juu ya gamba lenyewe. Kauri akiwa hai hutoa nyama laini mbili za ubavuni, zikapanda na kulifunika gamba lote. Hizo ndizo zinazolijenga na kulilinda, na ndizo zinazolipa mng'aro. Akifa mwenyewe, gamba likabaki wazi kwa jua na mchanga, baada ya muda mng'aro hupotea, rangi hufifia, mgongo hukwaruzika. Yule tunayemwokota ufukweni aghalabu amechakaa. Yule anayeng'aa dukani aghalabu alichukuliwa hai, akachemshwa au akafukiwa mpaka nyama ikaoza ikatoka. Kwa hiyo ule uzuri unaotufanya tulipe ndio ushahidi kwamba hakuna aliyeokota kitu. Neno “kuokota” limetumika kama kanzu ya kufunika kazi nyingine. Tena wako viumbe ambao kutoweka kwao huacha pengo: lile kombe kubwa lenye umbo la parapanda, linalopendwa sana na wanunuzi, ni mlaji wa kiti cha pwani chenye miiba, ambacho nacho hula matumbawe.

Msomaji anaweza kusema kwamba biashara hii si ya leo. Ni kweli. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kijerumani walipakia simbi za pwani yetu kwa shehena, wakazipitisha Unguja na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Wakapeleka nyingi mno hata thamani yake ikaporomoka. Buganda nako zilikuwa fedha, na hata leo neno la Kiganda kwa fedha ni “ensimbi”. Serikali ya kikoloni ilipoacha kuzipokea kwa kodi, mwanzoni mwa karne ya 20, aliyekuwa tajiri jana aliamka na magunia ya magamba. Huwa nalifikiria sana jambo hili. Simbi haikubadilika hata chembe. Konokono wake alikwishakufa zamani, bila kujua kwamba yeye ni shilingi, wala kwamba ameacha kuwa shilingi.

Mapambo nayo si ya leo. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, ambalo Ludwig Kohl-Larsen alianza kulichimba miaka ya 1930, zimepatikana shanga za gamba la yai la mbuni zenye umri wa maelfu mengi ya miaka. Binadamu wa huku kwetu alipenda kujipamba kabla hajajua kulima. Lakini yai la mbuni huvunjwa na kifaranga mwenyewe anapotoka, na vipande hubaki kiotani. Siwezi kujua kama watu wa Mumba walitumia vipande hivyo au walivamia viota vyenye mayai mazima. Najua tu kwamba njia zote mbili zilikuwapo, na kwamba ushanga ukishavaliwa hautofautishi.

Nilimweleza mjukuu wangu haya yote kwa simu. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, “Babu, na huyo dume utakayemuuza unipe fedha, yeye anakwenda wapi?”

Ni swali la haki, na sikulikimbia. Dume yule atakwenda machinjioni, hilo halina ubishi. Lakini nilimpokea usiku wa mvua mama yake alipomzaa kwa shida. Nilimpa mabua ya mahindi wakati wa kiangazi. Nilimlipia dawa ya kupe. Ninapochukua uhai wake ninachukua kutoka katika akaunti ambayo nami nimeweka kitu. Mvuvi naye huweka kitu: usiku wake, ngalawa yake, hatari ya shingo yake, na mama anayechimbua chaza maji yakipwa huweka mgongo wake, na watoto hula. Mwenye gunia la kauri wanaong'aa ameweka nini? Mjukuu wangu alijibu kwamba ameweka nauli, na kwamba yeye pia ana watoto watakaokula. Sikuwa na jibu la kumzidi. Mzee mwenye pensheni asiwe mwepesi kuwapimia wenzake riziki, nami nasema hivyo nikiwa bado naamini kwamba hoja yangu ni nzito kuliko yake.

Nilimuuza dume mnadani. Fedha nilimpa kwa sharti moja tu: kabla hajanunua chochote, ashuke na wauzaji wake hadi kwenye mwamba siku ya bamvua, aone kwa macho yake jinsi wanavyopatikana, kama mimi nilivyomwona dume tangu siku ya kwanza. Aliniambia kwamba ni sharti la kizee. Lakini alikwenda. Walimtembeza tangu maji yanapwa hadi yanaanza kujaa, akarudi na miguu imechanika, na walichopata watu wanne kilienea katika ndoo moja, kwa sababu, walisema, wale wakubwa sasa wanatafutwa kwa kupiga mbizi mbali zaidi kuliko zamani. Walimchemshia papo hapo ufukweni. Harufu hiyo, aliniambia, hakuitarajia.

Nusu ya fedha alinirudishia mwezi uliofuata. Nusu nyingine alinunulia magamba yaliyochakaa, ya kutoboa na kutunga shanga, ambayo watalii huyanunua kwa bei ndogo na kwa kusitasita. Anasema faida ni haba. Jirani yangu Mbarabaig bado huligeuza lile kauri la mezani kila anapokuja, na juzi ameniuliza kama huko baharini kuna mtu anayewahesabu jioni.