Swali ni Amana

Wahenga walinena: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huyaona yote, na ada humtaka asitamke lolote. Lakini maiti hakuulizwa, wala hana la kujibu. Je, mtu mzima aliye hai, aliyekwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii kuomba msaada wa matunzo ya wanawe, akaulizwa iwapo anakunywa pombe au anatumia unga, ana wajibu gani wa kujibu? Na muulizaji naye, haki ya kuuliza ameipata wapi?

Maswali ya namna hiyo yamekwisha kupangwa katika madodoso. Lile la pombe lililotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 lina maswali 10. Majibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 40, na anayefikia 8 huhesabiwa kuwa karibu na madhara. Jingine, lililobuniwa na daktari John Ewing wa North Carolina, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1984, lina maswali 4 tu. Yote mawili ni chekeche, si hukumu. Alama hazithibitishi uraibu. Zinaashiria kwamba pana haja ya kuzungumza zaidi.

Ndugu msomaji, hebu tuyapime kwa lugha yetu maswali ya Ewing. La mwisho, la mtu anywaye asubuhi ili atulie, halitusumbui: neno letu lipo, nalo ni kuzimua. Mtihani upo katika swali la kuona hatia kwa sababu ya kunywa. Penye watu wanaoamini kuwa tone moja ni haramu, aliyeonja glasi moja harusini ataitikia ndiyo, naye mlevi wa miaka ishirini ataitikia ndiyo. Swali lililokusudiwa kupima maradhi linaishia kupima imani. Na mwenye haya zaidi atakana yote. Kutafsiri maneno ni kazi nyepesi. Kuitafsiri aibu ndiko kugumu.

Wako watakaosema: basi tusiulize. La hasha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kimya chetu kimezika vijana wengi. Tangu mwaka 2011 methadoni inatolewa Muhimbili, na tangu 2015 Kidongo Chekundu hapa Unguja. Pakiwa na tiba, kutouliza nako ni kumtelekeza mwenzio.

Lakini zingatia yaliyotokea Charleston, South Carolina. Kuanzia mwaka 1989 hospitali moja ya umma ilipima mikojo ya baadhi ya wajawazito kutafuta kokeini, na matokeo yakapelekwa polisi. Wanawake waliokwenda kutafuta uzazi salama wakatiwa pingu. Kumi kati yao walishtaki, na mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikaamua kwamba upimaji wa aina hiyo, bila ridhaa ya mpimwa, ni upekuzi usiokubalika kikatiba. Hapo mkono wa tiba ulikuwa umekopeshwa kwa askari.

Kutokana na hayo naona kwamba swali ni amana, na muulizaji ndiye mdaiwa wa kwanza. Kabla hajauliza, anadaiwa kueleza kwa nini anauliza na jibu litafika kwa nani. Na ikiwa sheria humlazimu kutoa taarifa mtoto anapokuwa hatarini, aseme hilo mapema, si baada ya mtu kufungua kifua. Anadaiwa pia kuwauliza wote kwa usawa, mwenye suti na mwenye kandambili, kwani amuulizaye yule tu anayemshuku kwa sura amekwisha kumhukumu. Tena awe na la kutoa: tiba, ushauri, au japo mahali pa kumwelekeza. Kuuliza bila msaada nyuma yake ni udaku uliovaa kitambulisho cha ofisi.

Aliyetimiziwa hayo bado anaweza kukataa kujibu, naye asinyimwe matunzo ya wanawe kwa kukataa huko. Hapo ndipo anapotofautiana na maiti wa mwosha: siri ni yake, na kuitoa ni hiari yake.