Shalumu na Binti Zake

Neno letu mwezi huu linatoka Nehemia 3:12. Sura ile wengi tunairuka, maana ni majina matupu: fulani alijenga lango, fulani akafuatia. Lakini katikati yao yupo Shalumu bin Haloheshi, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, aliyejenga yeye pamoja na binti zake. Watu hao walikuwa wametoka uhamishoni. Ukuta ni kifusi, adui wako nje wanacheka, na kazi ikaisha kwa siku 52. Shalumu hakuwaambia binti zake wateke maji tu.

Tunayasema haya kwa sababu ya darasa la roboti la Jumamosi. Lilianza na wasichana tisa, wamebaki wanne. Tulipouliza tukajibiwa: foleni ya maji, kuni, mtoto mchanga nyumbani, na kwamba msichana fundi hapati mume. Kaka zao hawajakosa hata Jumamosi moja!

Mwaka 2017 wasichana sita wa Herat, Afghanistani, walinyimwa viza ya Marekani mara mbili kabla ya kuruhusiwa kwenda mashindano ya roboti Washington. Roboti yao ilipaswa kutenganisha mipira iliyowakilisha maji safi na maji machafu (sisi wa foleni ya bomba tunaelewa). Wakapata medali ya fedha. Mwaka 2020, wakati wa korona, timu hiyo ikaanza kuunda mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, kwa vipuri vya Toyota Corolla. Mwaka 2021 Taliban waliporudi madarakani, baadhi yao wakakimbilia Qatar na Meksiko. Ni wakimbizi kama sisi. Vyombo waliviacha, ujuzi wakaenda nao.

Majirani zetu waliotoka Chovae ni Waislamu, lakini tuna la kujifunza kwao. Vita vya 1991 viliwatoa visiwani, wakaja Lamu na Mombasa kwa vyombo vya bahari. Wazee wa Wabajuni walikuwa mafundi wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, tanga lake mkeka. Huo ni uhandisi. Na mikeka ya pwani husukwa na nani kama si wanawake?

Mmoja wa wale wanne ni binti wa jamii hiyo. Gurudumu la roboti lilipokataa kushika, alilifunga kwa uzi, kwa fundo ambalo babu yake hulitumia kwenye nyavu. Likashika. Sasa anasema anataka kusomea uhandisi, na mwalimu wake wa hisabati haoni kizuizi isipokuwa nafasi ya kusoma.

Akina mama wa kanisa wamekubali kupokea zamu ya maji ya Jumamosi kwa nyumba zote zenye wasichana darasani, za waumini na za majirani. Zamu ya kuni bado haina mtu. Akina baba, majina yaandikwe kwa katibu baada ya ibada.