Ajali Haina Kinga? Hoja Kuhusu Vali, Mvuke na Lawama

Katika Kiswahili tuna methali mbili ambazo ni vigumu kukaa nyumba moja kwa amani. Ya kwanza husema ajali haina kinga. Ya pili husema kinga ni bora kuliko tiba. Ya kwanza tunaisikia matangani, na mara nyingi inatamkwa na mtu ambaye asingependa maswali yaendelee. Ya pili tunaikuta kwenye kuta za zahanati. Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kusema kwamba methali hupingana kwa sababu maisha yenyewe hupingana, kisha tunafunga daftari. Mimi nadhani hapa inatupasa kuchagua.

Swali langu ni hili: mtu mdogo akikabidhiwa kazi ya kulinda jambo la hatari, akaondoka kidogo, na watu wakafa, lawama ni ya nani? Nitalijadili kwa kutumia vali za injini za mvuke, zile zilizovuta maji migodini Uingereza katika karne ya 18 na ya 19. Nimechagua vali kwa sababu historia yake ina watoto wawili waliofanya jambo linalokaribiana. Mmoja alisifiwa, mwingine alilaumiwa.

Kwanza nieleze injini yenyewe. Mwaka 1712 Thomas Newcomen alisimamisha injini ya kuvuta maji katika mgodi wa makaa ya mawe karibu na ngome ya Dudley, katikati ya Uingereza. Ilikuwa na boila, na juu yake silinda iliyosimama wima yenye pistoni ndani. Pistoni iliunganishwa kwa mnyororo na upande mmoja wa boriti kubwa iliyopanda na kushuka kama bembea. Upande wa pili ulining'iniza fimbo za pampu zilizoshuka shimoni. Vali ya mvuke ikifunguliwa, mvuke uliingia chini ya pistoni, na uzito wa fimbo za pampu ukaivuta pistoni juu. Kisha vali ile ilifungwa, na koki ya maji baridi ikafunguliwa. Maji yaliurusha mvuke ukarudi kuwa maji, silinda ikabaki karibu tupu, na uzito wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni chini. Hapo pampu ilinyanyua maji. Kisha kazi ikaanza upya.

Injini ya Dudley ilikwenda takriban mara 12 kwa dakika. Tuseme sasa kwamba vali ile na koki ile zinafunguliwa na kufungwa kwa mkono. Kila mzunguko unahitaji mkono usogee mara nne, yaani mara 48 kwa dakika, mara 2,880 kwa saa. Katika zamu ya saa 8 ni zaidi ya mara 23,000. Kazi hiyo haihitaji nguvu nyingi wala elimu. Inahitaji mtu asiyechoka, asiyesinzia, asiyewaza jambo jingine. Mtu wa namna hiyo hajazaliwa.

Mwaka 1776 Adam Smith, katika kitabu chake kuhusu utajiri wa mataifa, alisimulia habari ya mtoto aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Mtoto alipenda kucheza na wenzake. Akagundua kwamba akifunga kamba kutoka kwenye mpini wa vali hadi sehemu nyingine ya mashine, vali itajifungua na kujifunga yenyewe, naye atakuwa huru kwenda kucheza. Kabla ya Smith, mwanasayansi Desaguliers alikuwa amekwisha kumtaja mtoto wa aina hiyo kwa jina, Humphrey Potter. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka hadithi hii, na wana sababu: mchoro wa injini ya Dudley uliochapishwa mwaka 1719 unaonyesha fimbo iliyoning'inizwa kwenye boriti, yenye vigingi vya kugonga mipini ya vali inapopanda na kushuka. Kwa hiyo huenda injini zilijiendesha mapema kuliko hadithi inavyodai. Hata hivyo hadithi imedumu, na kudumu kwake kunatufundisha jambo. Watu wanampenda mtoto huyu. Aliacha kazi yake, na hakuna anayemwita mtoro.

Mtoto wa pili hakutungwa na mtu. Mwaka 1803 huko Greenwich, karibu na London, injini ya Richard Trevithick ilikuwa ikivuta maji kwenye msingi wa jengo la kinu. Trevithick alitumia mvuke wenye shinikizo kubwa, mara kadhaa zaidi ya shinikizo la hewa, jambo ambalo Newcomen na James Watt waliliepuka. Kwa maelezo ya Trevithick mwenyewe, kijana aliyekabidhiwa injini alikwenda kuvua samaki aina ya mkunga katika shimo la msingi, akamwachia injini mmoja wa vibarua. Kibarua aliona injini inakwenda kasi kuliko kawaida, akaisimamisha bila kuondoa spana iliyokuwa imebana wenzo wa mvuke. Injini iliposimama, moto uliendelea kuwaka na mvuke haukuwa na njia ya kutokea. Baada ya muda mfupi boila ilipasuka. Watu wanne walipoteza maisha.

Tukiwaweka watoto hawa wawili mbele ya baraza la wazee, wazee watasemaje? Wote wawili walitamani kitu kilekile, yaani saa moja ya utoto wao. Wote waliondoka zamuni. Anayefuata fikra za Immanuel Kant, kwamba thamani ya tendo imo katika nia na si katika matokeo, atapata taabu kumsifu wa kwanza na kumhukumu wa pili. Nia zao zilikuwa ndugu.

Ni kweli kwamba kuna tofauti, na haifai kuificha. Wa kwanza alijiuliza nini kitatokea akiondoka, akaacha kamba inayoifanya kazi yake. Wa pili alimwachia mtu asiyeijua mashine. Tofauti hiyo ina uzito, lakini haitoshi kueleza vifo vinne. Kama kamba ya mtoto wa kwanza ingekatika, injini ingesimama tu, na maji yangeanza kujaa mgodini polepole mpaka mtu aje kutazama. Mvuke wa Newcomen ulikuwa mnyonge. Kosa la mlinzi wake lilileta hasara zaidi kuliko maziko. Mvuke wa Trevithick haukusamehe. Tofauti kubwa, basi, ilikuwa ndani ya boila kuliko ndani ya mioyo ya watoto. Na boila haikuchaguliwa na mtoto yeyote.

Hapa ndipo ninapotoa hoja yangu. Wajibu ambao hauwezi kutimizwa ila na mtu asiyechoka kamwe ni wajibu uliokosewa tangu ulipobuniwa. Anayempa mtoto wajibu huo, kisha akamlaumu kwa kuwa mtoto, anatumia jina la mtoto kuficha jina lake mwenyewe.

Trevithick katika barua yake alilaumu uzembe wa watu wake. Alilalamika pia kwamba wapinzani wake, Boulton na Watt, walikuwa wakiutangaza mlipuko ule ili kumharibia kazi. Maneno yake ni ya mtu anayejitetea. Lakini matendo yake yalisema jambo lililo bora zaidi. Baada ya Greenwich aliweka vali mbili za usalama kwenye boila zake, na ni moja tu kati ya hizo ambayo mwendeshaji aliweza kuirekebisha. Aliweka pia kizibo cha risasi mahali ambapo maji yakipungua kupita kiasi, risasi ingeyeyuka, na mvuke ungetoka kwa kishindo kabla chuma hakijapasuka. Kama angeamini kikamilifu kwamba kosa lilikuwa la kijana na kibarua, angewafukuza na kuajiri wengine. Alibadilisha chuma, na kwa kufanya hivyo alikiri kwamba ajali ile ilikuwa na kinga, ila haikuwa imewekwa.

Yupo atakayepinga. Atasema: ukifunga vali kwa kufuli ili mfanyakazi asiiguse, umemdharau. Umemwambia hana akili wala dhamiri, na mtu asiyeaminiwa hujifunza kutojali. Smith mwenyewe, katika kitabu kilekile, aliandika kwamba mtu anayetumia maisha yake yote kurudia vitendo vichache vyepesi hupoteza uwezo wa kufikiri. Ukimwondolea hata vali, unambakishia nini?

Pingamizi hili lilinisumbua kwa muda mrefu, na jibu sikulipata vitabuni. Mjomba wangu alifanya kazi ya kuchochea kuni kwenye boila ya kiwanda kimoja cha chai hapa Uganda. Mvuke ndio unaopasha hewa ya kukaushia majani, na mvuke ukishuka majani huharibika, kwa hiyo usiku kucha msimamizi humfuata mchocheaji akitaka presha zaidi. Nilimuuliza kama hakuona ni dharau kwamba vali ya usalama ilikuwa imefungwa kwa lakiri ya mkaguzi, na yeye, aliyeijua boila ile kwa sauti yake, haruhusiwi kuigusa. Alicheka. "Mwanangu," akasema, "ile lakiri haikunizuia mimi. Ilimzuia aliyekuwa na uwezo wa kuniamuru." Msimamizi angeweza kumwambia aongeze kuni, na aliongeza. Hakuweza kumwambia aifunge vali, maana lakiri ikivunjwa lazima mtu aulizwe, na safari hii asingekuwa mchocheaji peke yake.

Maneno yake yanaafikiana na historia. Vali ya zamani ilikuwa wenzo wenye uzito mwishoni, kama mizani ya sokoni. Kuishinda ilikuwa rahisi: ongeza uzito, au ufunge wenzo kwa kamba. Katika meli za mvuke za mto Mississippi, karne ya 19, vali zilibanwa hivyo ili meli iishinde nyingine kwa mwendo. Waliozibana hawakuwa wajinga wala wachovu. Walijua vizuri wanachofanya, na mara nyingi nyuma yao alikuwapo nahodha au mwenye meli mwenye haraka. Mwaka 1852 sheria ya Marekani iliweka wakaguzi wa boila za meli za abiria. Uingereza, katika miaka ya 1850, John Ramsbottom alibuni vali ya garimoshi yenye milango miwili iliyoshikwa na springi moja na wenzo mmoja. Ukiubonyeza wenzo ili kukaza mlango mmoja, unaulegeza wa pili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 ilitaka milipuko ya boila ichunguzwe rasmi. Hatua hizi zote zina wazo moja: kinga isikae mikononi mwa mwenye haraka, wala isiachwe juu ya mabega ya asiye na sauti.

Kwa hiyo sikubali kwamba kufuli ni dharau. Trevithick alibakisha vali moja mkononi mwa mwendeshaji, na hapo palibaki nafasi ya ujuzi na uamuzi wake. Ile nyingine iliweka mpaka ambao hata bosi hawezi kuuvuka kwa amri. Nadhani huo ni mfano mzuri wa jinsi ya kugawa imani na mipaka katika kazi yoyote, iwe ya daktari wa zamu ya usiku, ya dereva wa basi la masafa marefu, au ya mlinzi wa lango.

Sisemi kwamba vali humwondolea mtu wajibu wote. Vali hukwama kwa kutu. Risasi hufunikwa na ukoko wa maji magumu. Mkaguzi anaweza kutia saini bila kupanda ngazi. Hata sufuria ya presha jikoni, ambayo asili yake ni chungu alichokionyesha Denis Papin mjini London mwaka 1679, itapasuka kama kitundu chake kimeziba kwa maharage na hakuna aliyekisafisha. Kinga inahitaji kutunzwa, na utunzaji ni kazi ya watu. Lakini ni kazi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifanya kwa nguvu za kawaida: kutazama leo, kusafisha Jumamosi, kuandika daftarini. Haimdai mtoto akeshe.

Nikirudi kwenye methali zetu, naona "ajali haina kinga" ina matumizi yake halali. Ni neno la kumfariji mfiwa, kumwambia asijitese kwa yale ambayo hakuweza kuyazuia. Linapotoka kinywani mwa mwenye kiwanda linageuka kuwa jambo jingine, na sisi tuliosoma lugha hii tunapaswa kulisikia hivyo. Siku tutakapoambiwa kwamba kijana wa zamu alizembea, tuanze kwa kuuliza zamu yake ilikuwa ya saa ngapi, nani alibana wenzo, na vali ya pili ilikuwa wapi.