Majina Kabla ya Ramani

Tafakari ya juma. Somo: Matendo ya Mitume 27

Desemba imekaribia na Kampala nzima inaulizana nauli. Wa magharibi wanataja Mbarara na Kabale, wa kaskazini wanataja Karuma, na sisi tunaosali kwa Kiswahili, ambao wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya mpaka huu au ule, mwaka huu tunazungumza habari za Mombasa. Si safari ndogo. Kutoka hapa hadi baharini kwa barabara ni yapata kilomita 1,150: Mukono, msitu wa Mabira, Jinja, Iganga, Busia au Malaba, kisha Kisumu au Eldoret, Nakuru, Nairobi, Voi, ndipo uone minazi. Anayekuambia kwamba utafika siku hiyo hiyo ana haraka ya kukuuzia tiketi.

Safari kama hii ikipangwa kanisani hujitokeza makundi mawili. La kwanza linasema tuombe tu, Mungu atafungua njia. Ukiuliza tairi la akiba liko wapi unatazamwa kama mtu asiye na imani. La pili lina daftari: saa ya kuondoka, saa ya kula, bei ya dizeli upande huu wa mpaka na upande wa pili. Mimi niko upande wa daftari wala sioni haya. Yakobo anapowakemea wafanyabiashara wanaojigamba kwamba kesho watakwenda mji fulani wakapate faida, hakatazi kupanga, anakataza majivuno. Mtu anayesema "Mungu akipenda" huku hana kadi ya chanjo ya homa ya manjano hajamwachia Mungu uamuzi. Amemwachia afisa wa mpakani.

Lakini daftari nalo lina maradhi yake, na hayo ndiyo nataka tuyatazame.

Katika somo letu Paulo ni mfungwa anayepelekwa Roma kwa meli. Luka, aliyekuwamo melini, anasimulia kama mtu mwenye daftari hasa: anataja bandari, pepo, kina cha maji, nanga, hata idadi ya watu, 276. Wamefika Krete, mahali panapoitwa Bandari Nzuri, na msimu wa bahari kuchafuka umeingia. Paulo anasema tusiondoke. Akida anayewalinda wafungwa anamsikiliza nahodha na mwenye meli, na wengi wanakubaliana nao. Tusiwacheke. Sababu zao zilikuwa za maana: bandari ile haikufaa kukaa majira ya baridi, na bandari bora ilikuwa mbele kidogo kwenye kisiwa hicho hicho. Upepo mwanana ulipovuma kutoka kusini, wakaona mambo yamekaa sawa. Tunajua kilichofuata.

Katika msafara wowote yupo mtu anayelijua jambo lakini hana cheo cha kulisema. Melini alikuwa mfungwa. Ndani ya basi ni mama wa kiti cha nyuma anayemwomba dereva apunguze mwendo, akajibiwa kwamba kama anaogopa angepanda ndege, na abiria wakacheka. Wakati mwingine mchungaji naye yumo, na anacheka pamoja nao.

Tarehe 31 Desemba 2017, kabla ya mapambazuko, basi lililokuwa likitoka Busia liligongana uso kwa uso na lori mahali panapoitwa Migaa, karibu na Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu 36 walikufa. Baada ya hapo Kenya ilizuia kwa muda mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Sisemi haya kutia watu hofu. Nayasema kwa sababu barabara ni hii hii tunayoipangia na mwezi ni huu huu, na kwa sababu hakosekani mtu wa kunieleza kwamba usiku barabara ni nyeupe na mnaokoa pesa ya kulala. Pesa ya kulala Nakuru ni sehemu ya nauli. Iandikwe hivyo tangu mwanzo, na asiye nayo achangiwe.

Barabara hii ya kutoka pwani ina msafiri ambaye Kanisa la Uganda humkumbuka kila tarehe 29 Oktoba: James Hannington, Mwingereza, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Huyu alikuwa mtu wa mipango. Mwaka 1882 alijaribu kuja Buganda kwa njia ya zamani, kupitia Zanzibar na kusini mwa Ziwa Viktoria, akaugua vibaya hadi akarudi kwao. Alipokuja tena mwaka 1885, sasa akiwa askofu, alipiga hesabu upya. Angeanzia Rabai, nyuma ya Mombasa, akate nchi ya Wamaasai, atokee kaskazini mashariki mwa ziwa. Njia fupi zaidi, ya nyanda za juu, yenye homa chache. Joseph Thomson alikuwa amepita sehemu kubwa ya nchi hiyo muda si mrefu kabla yake na akarudi salama. Kwa ramani, Hannington alikuwa sahihi kabisa. Leo malori ya Kampala yanapanda kutoka Mombasa kwa mwelekeo ule ule.

Ramani haikumwonyesha hofu ya watu wa huku. Waganda waliamini kwamba watakaoiteka nchi watatokea mashariki, kupitia Busoga. Mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wakijitwalia ardhi upande wa pwani, na habari hizo zilifika kwa Kabaka Mwanga, kijana aliyekuwa na kama mwaka mmoja tu kwenye kiti. Wamisionari waliokuwa Buganda, Alexander Mackay akiwa mmoja wao, walijaribu kumwonya Hannington asipitie huko. Onyo halikumfikia kwa wakati. Alikamatwa kwa chifu Luba, akafungwa kama juma moja, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Kabaka. Mahali penyewe ni Kyando, wilaya ya Mayuge, si mbali na barabara ya Musita inayotokea Busia. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi Mkristo wa ikulu, alipomlaumu Kabaka kwa damu hiyo, naye akauawa Novemba ile ile. Mwaka uliofuata ukaja Namugongo, walikochomwa wafia dini.

Tunapohubiri habari za Hannington huwa tunaishia kwake. Mimi nataka tuwaangalie waliokuwa nyuma yake. Wapagazi walioingia naye Busoga walikuwa kama hamsini, na karibu wote waliuawa. Nimehudhuria ibada nyingi za tarehe hiyo, na sijasikia jina la hata mmoja wao likisomwa. Walikuwa watu wa pwani wenye mama zao na madeni yao, waliobeba mizigo ya mpango ambao hawakuulizwa.

Kisha yupo William Jones. Alikuwa Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kulelewa India, mfanyakazi wa kanisa la Rabai, na Hannington alimpa ushemasi mwaka ule ule wa 1885. Kabla ya kuingia Busoga askofu aliacha sehemu kubwa ya msafara Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, chini ya uangalizi wa Jones. Jones akangoja. Habari mbaya zikamfikia. Akawakusanya watu waliobaki, akawarudisha kwa miguu njia ile ndefu hadi Rabai, wakafika mwanzoni mwa 1886. Kwangu mimi, uamuzi bora kuliko yote katika mpango wa Hannington ulikuwa huu: kwamba alimwacha nyuma mtu wa kuwarudisha wengine nyumbani. Sijui tungempa Jones nafasi gani kwenye kamati zetu. Pengine angekuwa mjumbe wa kawaida.

Sasa turudi Kampala. Kamati yetu ilipokaa, daftari lilikuwa limepangwa vizuri. Kosta mbili, kuondoka saa kumi alfajiri, hakuna kusimama kabla ya Busia. Hata Namawojjolo tungepita bila kusimama, wauza kuku wa kuchoma na gonja wakikimbia kando ya madirisha na vijiti vyao mkononi. Mzee mmoja mwenye kisukari akauliza kwa sauti ndogo choo kitakuwa wapi. Hilo lilipatiwa jibu. Ndipo likaja suala la hati. Raia wa Uganda ana Ndaga Muntu yake, yaani kitambulisho, na tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto anayesafiri bila wazazi anahitaji cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi. Magari yanahitaji kadi ya njano ya COMESA ili bima ifanye kazi Kenya. Yote yakaandikwa.

Mama mmoja, Mkongomani, mkimbizi, alikuwa ameshika karatasi yake ya hifadhi, ile yenye picha za watoto wote wa nyumba moja. Aliikunja mara nne, akairudisha kwenye pochi, akasema yeye atabaki kulinda kanisa. Alisema akitabasamu. Kikao kikaendelea na bei ya dizeli.

Huyo mama anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya inayosafiri. Mkimbizi hawezi kuvuka mpaka na kurudi kwa karatasi ile. Anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, na hati hiyo huombwa mapema, si wiki mbili kabla ya Krismasi. Daftari letu lilijua bei ya kila lita na halikujua hilo, kwa sababu lilianza na ramani. Lingeanza na majina, tungeligundua mwezi Julai.

Wengine mtasema msafara hauwezi kusimama kwa ajili ya mtu mmoja. Someni tena sura ya 27 hadi mwisho. Meli imepigwa na dhoruba, shehena imetupwa baharini. Mabaharia wanataka kutoroka usiku kwa mashua, na Paulo anamwambia akida kwamba hao wasipobaki, wengine hawataokoka. Asubuhi meli inavunjika, nao wanafika nchi kavu, waogeleaji kwa kuogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya meli, na hakuna aliyepungua kati ya wale 276. Luka alikuwa na sababu ya kuandika hesabu ile.

Ushauri wangu kwa kamati, nao nauweka mbele yenu wote, ni kwamba Mombasa isogezwe hadi baada ya Pasaka. Najua malipo ya awali ya kosta yameshatolewa na wapo waliokwisha kuwaahidi shangazi zao wa Likoni. Nitazungumza na mwenye magari mimi mwenyewe. Desemba twende Kyando, kila mtu, kwa siku moja, bila mpaka wa kuvuka. Tukifika huko tuwaombee pia wapagazi.

Kwa hiyo nawaomba hivi. Kila mwenye nia ya kwenda Mombasa, raia au mkimbizi, alete jina lake na nakala ya hati aliyo nayo kwa katibu wa kanisa kabla ya Jumapili ijayo. Wanaohitaji kuanza maombi ya hati tutaandamana nao Jumatatu inayofuata asubuhi. Na wenye leseni ya kuendesha magari ya abiria wajitokeze, maana tunatafuta madereva wawili kwa kila kosta.