Tuliosoma Nao

Mtu hachagui wazazi wake, wala hachagui wanafunzi atakaokaa nao darasani. Wazazi hupewa na Mungu, na wenziwe wa darasa hupewa na daftari la mwalimu. Siku moja jina lake huandikwa chini ya jina la mtu asiyemjua, na tangu siku hiyo wawili hao hukaa dawati moja, huazimana kalamu, hucheka kwa siri na pengine huadhibiwa pamoja. Miaka ya masomo ikitimia, kengele hulia kwa mara ya mwisho, na kila mmoja hushika njia yake. Swali la insha hii ni hili: Je, kukaa pamoja kwa namna hiyo, kusikotokana na hiari, huacha wajibu wowote baina ya watu? Au mwisho wa shule ni mwisho wa yote?

Wapo wasemao kuwa ni mwisho wa yote. Hoja yao si dhaifu. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, msafiri wa kutoka Mombasa kwenda Malindi alivuka mkono wa bahari wa Kilifi kwa feri. Muuza maembe na hakimu walisimama bega kwa bega juu ya sakafu moja, wakapigwa na upepo mmoja, na walipofika ng'ambo kila mtu alikwenda zake. Hakuna aliyemlaumu mwenziwe kwa kutomwandikia barua. Shule, wasema watu hawa, ni feri kama ile: hukusanya watu kwa ajili ya safari, na safari ikiisha hapana deni.

Lakini mfano huu una kasoro moja kubwa. Abiria wa feri hushuka kama alivyopanda. Mwanafunzi hashuki kama alivyopanda. Huingia mtoto na kutoka mtu mzima, na katika mabadiliko hayo mkono wa mwalimu si mkono wa pekee. Aliyetueleza hesabu wakati wa mapumziko, aliyetucheka tulipojivuna, aliyetuficha chozi tulipopata habari za msiba, wote hao wametia kitu katika umbo letu. Tena wao ndio mashahidi wetu. Walitujua kabla dunia haijatutia bei. Walitujua kwa jina tupu, lisilo na cheo mbele wala mali nyuma. Mtu aliyepoteza mashahidi wa namna hiyo amepoteza sehemu ya ukweli wa nafsi yake.

Wazee wa pwani hii walilifahamu jambo hili kabla ya shule za kisasa kufika. Wamijikenda, ambao misitu yao mitakatifu ya kaya iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, walikuwa na desturi ya rika. Vijana wa koo mbalimbali waliingizwa katika rika moja, nao walipanda ngazi za umri pamoja. Ukoo ulimfunga mtu kwa damu. Rika lilimfunga kwa wakati. Vivyo hivyo huko Lamu, kaskazini ya Malindi, Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh umekuwa kituo cha elimu, na kila mwaka wakati wa Maulidi watu waliopata elimu hapo hurejea kutoka sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Mabaharia wetu wana methali yao: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu huzunguka chombo kizima, na mwisho wake hurudi pale alipoanzia.

Katika nchi hii ya Kilifi shule si jambo la jana. Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao Rabai mwaka 1846, na baadaye madarasa yakaenea Ribe, Kaloleni, Malindi na kwingineko. Kwa hiyo si ajabu kuona leo watu wazima wakitafutana ili wakutane tena mahali waliposoma. Simu imeurahisisha utafutaji huo. Mtu mmoja humtafuta wa pili, wa pili humjua wa tatu, na baada ya mwezi darasa zima la zamani huwa limejipanga upya kama sisimizi waliopata njia yao. Mchango huwekwa, siku huchaguliwa, chakula hupikwa, picha hupigwa. Jambo hili ni jema. Lakini kila jema lina jaribu lake, na yafaa tuliangalie jaribu hili kwa macho makavu.

Jaribu lenyewe ni kupimana. Watu waliokwisha achana kwa miaka ishirini hutaka kujua ni nani aliyefika mbali. Swali hili haliulizwi kwa kinywa. Huulizwa kwa kutazama viatu. Mwenye gari huliegesha mahali pa kuonekana. Mwenye kazi ya ofisini hutaja jina la ofisi yake mara tatu. Na yule anayevua samaki Ngomeni, au anayebeba chumvi katika mashamba ya Gongoni, hukaa pembeni na kusikiliza, ijapokuwa pengine ndiye aliyekuwa akiwaeleza hesabu wote waliopo. Mkutano uliokusudiwa kurudisha usawa wa dawati hugeuka soko la kuuziana fahari.

Tena lipo kosa kubwa kuliko hilo, nalo ni gumu kuonekana kwa sababu waliokosewa hawapo. Ni nani aitwaye kuwa ni mwanadarasa? Mara nyingi orodha ya mwaliko hutokana na orodha ya waliofanya mtihani wa mwisho. Lakini orodha ya siku ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko hiyo. Yuko aliyeondoka kidato cha pili kwa kukosa karo. Serikali ilianza kulipia mafunzo ya sekondari katika shule za umma mwaka 2008. Kabla ya hapo mnazi usiozaa au jahazi lililovunjika liliweza kumtoa mtoto darasani, na hata baada ya hapo gharama za bweni na sare zimewalemea wengi. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipoanguka katika miaka ya 1990, mishahara iliyokatika ilikuwa pia chakula, matibabu na vitabu vya watoto. Yuko msichana aliyepata mimba akaondoka kimya. Sera ya mwaka 1994 ilimruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua, lakini ruhusa iliyoandikwa kwenye karatasi haikumpa kila mmoja mtu wa kumlelea mtoto, wala haikuziba vinywa vya watu. Yuko pia aliyevutwa na fedha za haraka za pwani ya watalii, akaacha kalamu kabla hajajua thamani yake.

Hawa nao walikaa dawati moja nasi. Ikiwa wajibu wa kukumbukana hutokana na kumaliza, basi ni wajibu wa cheti, na cheti hakina moyo. Lakini ikiwa hutokana na kukua pamoja, basi aliyekaa nasi mwaka mmoja ana haki ya mwaka mmoja, na haki ndogo si haki isiyokuwapo. Kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo mzani wa mkutano wowote wa waliosoma pamoja. Usiupime kwa idadi ya waliokuja na magari. Upime kwa juhudi iliyofanywa kumtafuta asiyekuja.

Mtu aweza kujibu: "Huenda hao hawataki kutafutwa. Kumwita maskini katika karamu ya matajiri ni kumtonesha kidonda." Jibu hili lina ukweli, nalo latufundisha namna ya kuita, si sababu ya kutoita. Mwite kwa jina lake la darasani, si kwa dhiki yake. Usimtoze mchango asioweza, wala usitangaze kwamba umemsamehe mchango huo. Mkutano ufanywe chini ya mwembe wa shule ikiwa hoteli ya ufukoni itamtia haya. Akikataa, heshimu kukataa kwake. Lakini na ajue kwamba kiti chake kilikuwapo.

Upande wa pili nao una mpaka wake. Upendo wa waliosoma pamoja usivuke ukawa dhuluma. Akikalia kiti cha umma, mtu hana ruhusa ya kumpa kazi mwenziwe wa dawati na kumwacha anayestahili. Deni la urafiki hulipwa kwa mfuko wa mwenye deni, halilipwi kwa mali ya watu wengine. Wala kusoma pamoja hakulazimishi kukubaliana. James Gichuru alisoma Alliance High School, shule iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, kisha akafundisha huko huko; Ronald Ngala, mwalimu mzaliwa wa nchi ya Wagiriama, alipita katika shule hiyo hiyo. Mwaka 1960 Gichuru aliongoza KANU na Ngala akaongoza KADU, vyama viwili vilivyopingana juu ya namna ya kuitawala Kenya, mpaka KADU ilipovunjwa Novemba 1964 na kujiunga na KANU. Shule moja haikuwapa rai moja, wala haikupaswa. Mwanadarasa mwenzako ana haki ya kukupinga. Hana haki ya kujifanya hakujui.

Vijana mnaosoma insha hii mko bado ndani ya chombo. Mambo haya huenda yakaonekana kuwa ya watu wenye mvi. Sivyo. Orodha ya mkutano wa miaka ishirini ijayo inaandikwa sasa, na wino wake ni jinsi mnavyotendeana leo. Akikosekana mtu darasani kwa siku tatu, ulizeni yuko wapi. Akirudishwa nyumbani kwa karo, mpelekeeni masomo yaliyompita. Akiondoka kabisa, jueni kwao ni wapi, na likizo ikifika pitieni mlangoni mkamwamkie. Milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Na siku ya kukutana kila mmoja wenu atataka aweze kumtazama mwenziwe usoni bila kuinamisha macho.